Adui Naye Huamka Asubuhi

Ndani ya paja langu la kulia mna chuma kirefu, kimeanzia karibu na nyonga kikaishia juu ya goti. Ninatembea, ninapanda daladala bila kuomba kiti, na jioni ninafundisha watoto kareti. Wapo wanaosema nimeinuliwa na dua, nami sibishi, maana mama yangu aliomba mno. Lakini nikitakiwa kutoa ushuhuda mzima, siwezi kumwacha mtu mmoja ambaye hata hayupo duniani. Jina lake Johnny Lawrence, adui wa filamu ya The Karate Kid.

Kwa vijana ambao hawakuwahi kuiona, filamu hiyo ilitoka Marekani Juni 1984. Iliongozwa na John G. Avildsen, yule yule wa Rocky, na mwandishi wake ni Robert Mark Kamen. Kwetu Dar es Salaam ilitufikia kwa kanda za video, zimenakiliwa na kunakiliwa hadi sura za watu zimeingia ukungu. Tanzania Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994, kwa hiyo mwenye deki alikuwa mtu mzito mtaani. Unatoa kiingilio, unabanwa sakafuni na wenzako, stelingi akitokea nyumba nzima inapiga makofi.

Stelingi wetu alikuwa Daniel LaRusso, kijana mwembamba aliyehama na mama yake kutoka Newark kwenda Reseda, Los Angeles. Huko anaandamwa na vijana wa dojo la Cobra Kai, mkubwa wao akiwa Johnny, mwenye nywele za dhahabu, pikipiki na kiburi. Bwana Miyagi, mzee kutoka Okinawa ambaye ni fundi wa nyumba za kupanga, anamchukua Daniel na kumfunza kareti kwa kumng'arishisha magari na kumpakisha rangi uzio. Kwenye fainali ya mashindano Daniel mguu umeumia. Anasimama kwa mmoja, anainua mikono, anaruka teke la korongo, Johnny chini. Filamu imekwisha, taa zimewashwa, nendeni mkalale.

Sisi wa kareti tulikuwa na sababu ya ziada ya kuipenda. Mtindo tuliokuwa tukijifunza ni Goju-ryu ya Okinawa, mwasisi wake Chojun Miyagi, na Kamen mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa mtindo huo. Jina la mzee wa kwenye filamu limetoka huko. Goju-ryu Dar es Salaam ilistawi kwenye dojo la Zanaki chini ya Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi aliyehamia nchini, na aliyenifundisha mimi alitokea kwenye ukoo huo. Siku chache baada ya kanda ile kupita mtaani, alitukuta tumejipanga mchangani, kila mmoja kasimama kwa mguu mmoja. Hakugomba. Alimwita mkubwa wetu, akamwambia apige hilo korongo, kisha akamfagia ule mguu uliobaki chini. "Anayejipunguzia mguu mbele ya mpinzani, tumwiteje?" akauliza. Korongo likaishia hapo.

Swali ambalo hakuna aliyeuliza, si sensei wala sisi, ni yule mwingine, Johnny, aliamkaje kesho yake.

Mimi nilikuwa na haki ya kuuliza. Miaka hiyo hiyo nilifika fainali ya mashindano ya vilabu, nikapigwa na rafiki yangu wa dojo moja, tuliyekuwa tukigawana hata chapati. Pointi ya mwisho ilikuwa ya kufagiwa mguu na ngumi ya kumalizia. Ngumi ile, mpaka leo nasema, haikufika. Waamuzi wa pembeni waliinua bendera, wawili kwake, mmoja hakuona. Waswahili tuna methali ya kumnyamazisha mtu wa aina yangu: asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimeisikia mara nyingi, na kila mara kutoka kwa aliyeshinda.

Nisikuze mambo. Fainali moja ya vilabu haimharibii mtu maisha. Niliendelea na kareti, nikapata leseni, nikaajiriwa udereva wa lori, nikaoa. Rafiki yangu akafungua duka la vifaa vya ujenzi likakua likawa na matawi. Tukikutana tunasalimiana kwa furaha, halafu kila mtu na njia yake. Jioni nilikuwa na watoto wachache ninaowafunza kwenye kiwanja cha shule, ada yao kidogo, nyingine hailipwi.

Mwaka 2021 nilikuwa abiria wa bodaboda. Gari dogo likachomoka barabara ya pembeni bila kuangalia, likatubamiza ubavuni. Dereva wa boda alichubuka mikono, mimi mfupa wa paja ukavunjika katikati.

Sitaki kuhadithia maumivu. Kila aliyevunjika ana ya kwake na hayafanani. Niseme tu kwamba kabla ya upasuaji mguu ulifungwa kamba, mwisho wa kamba ukaning'inizwa uzito, ili mfupa usipandane. Unalala chali, unalitazama dari. Ukitaka kugeuka, huwezi. Ukitaka kujisaidia, unamwita mtu. Baada ya kuwekewa chuma nikarudi nyumbani na magongo, na huko ndiko mtihani wenyewe ulikokuwa unanisubiri. Kampuni niliyokuwa naiendeshea lori ilimaliza mkataba wangu na haikuandika mwingine. Watoto wa kareti wakatawanyika, mmoja mmoja, bila kuaga. Nani atamfuata sensei wa magongo? Mke wangu akaanza kukaanga vitumbua alfajiri, akawa yeye ndiye baba na mama wa nyumba. Alikuwa akitoka gizani, nasikia bakuli zikigongana uani, nami niko kitandani, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, ninajifanya nimelala kwa aibu.

Aibu ndiyo iliyokuwa ikinimaliza, kuliko mfupa. Wageni walipopungua nilishukuru. Mazoezi niliyopewa hospitali nikawa siyafanyi. Goti likaanza kukaza.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, alikuja siku moja na kompyuta ndogo ya mapajani na flashi. Tusiulizane alivipakuaje vilivyomo. "Shikamoo mjomba. Yule adui wa Karate Kid ana tamthilia yake siku hizi." Nikamwambia aache utani. Akaweka, akaondoka zake.

Tamthilia yenyewe, Cobra Kai, inaanza na fainali ile ile, picha zile zile za 1984. Korongo, teke, kishindo. Halafu, badala ya taa kuwashwa, Johnny anafungua macho akiwa mtu mzima. Miaka 34 imepita. Yuko kitandani kwenye chumba cha kupanga huko Reseda, sakafuni makopo ya bia, uso umevimba kwa usingizi mbaya. Anaamka, anajikaangia vipande vya soseji, anaenda kibarua cha kufunga televisheni kwenye nyumba ya watu, na kabla jua halijazama kibarua chenyewe kimeota nyasi. Barabarani anakutana na bango kubwa, Daniel LaRusso anatabasamu, tajiri wa magari, anapiga teke washindani wake.

Nilisimamisha pale. Nikairudisha nyuma, nikamwangalia tena yule mtu anavyoamka.

Sijawahi kuona filamu ikimfuata aliyeshindwa mpaka chumbani kwake. Nimelelewa na filamu za Bruce Lee na Jackie Chan, za Kihindi nazo nimezimaliza, na kanuni ilikuwa moja: adui akianguka, kamera inamwacha. Hapa kamera ilibaki. Na haikubaki ili imwonee huruma, maana Johnny wa kwenye tamthilia hafurahishi. Ni mlevi, mdomo wake mchafu, mwanawe wa kumzaa, Robby, hakumlea. Waandishi hawakumsafisha wala hawakumgeuza Daniel kuwa jambazi. Walichofanya ni kuhamisha kiti. Tukio ni lile, mashahidi ni wale, ila safari hii anayesimulia ni aliyelala chini.

Na ukikaa kwenye kiti hicho, vitu ulivyoviona zamani bila kuviona vinaanza kusema. Filamu ya pili, ya 1986, inafunguka kwenye maegesho ya magari nje ya ukumbi, dakika chache baada ya fainali. John Kreese, mwalimu wa Cobra Kai, anamkemea Johnny kwa kushika nafasi ya pili. Kijana anamjibu kwamba alijitahidi. Kreese anaichukua tuzo yake, anaivunja, kisha anamkaba shingo mbele ya wenzake hadi macho yanamtoka. Anayemwokoa ni Bwana Miyagi. Kamen alikuwa ameliandika tukio hilo liwe mwisho wa filamu ya kwanza, likaachwa, likaja kufungua ya pili. Tulilitazama mwaka ule tukamcheka Kreese anavyokwepwa na mzee, ngumi zake zinavunja vioo vya gari. Kuhusu mtoto aliyetaka kuuawa na mwalimu wake kwa kosa la kuwa wa pili, hakuna aliyesema neno. Cobra Kai yote imejengwa juu ya shingo ile.

Nilipoanza kupata nafuu nikasoma habari za aliyemcheza. William Zabka alikuwa mwanamieleka wa shule, hakujua kareti. Alifunzwa kwa ajili ya filamu na Pat Johnson, ambaye ndiye mwamuzi unayemwona kwenye fainali. Akacheza ubaya vizuri kupita kiasi, na malipo yake yakawa kupewa ubaya mwingine: Just One of the Guys mwaka 1985, Back to School mwaka 1986, kijana yule yule kwa jina tofauti. Kisha simu zikapungua. Hakukaa kulia. Alishiriki kuandika na kutayarisha filamu fupi iitwayo Most, nayo ikateuliwa kuwania Oscar mwaka 2004. Baadaye vichekesho vya How I Met Your Mother vikawa na mhusika anayeshikilia kwamba karate kid halisi ni Johnny; 2013 wakamwita Zabka mwenyewe aje acheze kama Zabka. Watu wakacheka, lakini kuna waliosikia kitu ndani ya kicheko. Josh Heald, Jon Hurwitz na Hayden Schlossberg, waliokua wakiipenda filamu ile, wakaipeleka hadithi mbele kwa uzito. Ralph Macchio, aliyekuwa Daniel, alikuwa amekataa kwa miaka mingi mawazo ya kumrudisha mhusika wake, hili akalikubali. Tamthilia ikaanza YouTube Mei 2018, ikahamia Netflix Agosti 2020 YouTube ilipoachana na kazi za namna hiyo, ikamalizika Februari 2025.

Turudi kitandani. Mwisho wa sizoni ya pili kunazuka vita shuleni, na Miguel Diaz, kijana jirani ambaye Johnny alimfanya mwanafunzi wake wa kwanza, anaangushwa kutoka ghorofani na kuumia uti wa mgongo. Sizoni ya tatu inamkuta hawezi kutembea. Johnny, ambaye hana elimu yoyote ya tiba, anajipa kazi ya kumwinua. Anambembeleza, anamtukana, anambeba kumpeleka kwenye tamasha la muziki wa roki, na katikati ya kelele mguu wa mtoto unaanza kupiga mdundo wenyewe.

Hapo nilicheka peke yangu, kicheko cha kwanza tangu ajali, kwa sababu ni uongo. Mguu haurudi kwa gitaa. Nitawaambia unavyorudi. Unalala chali, unaviringisha taulo, unaliweka chini ya goti, unalikandamiza kwa msuli wa paja mpaka kisigino kinyanyuke, unahesabu hadi kumi, unaachia. Mara ya kwanza hakuna kinachotokea. Unaamrisha msuli, msuli hausikii, umelala usingizi wa miezi. Halafu kuna zoezi la ubao. Mke wangu alitafuta ubao laini, tukaupaka poda ya mtoto ili kisigino kiteleze, ninavaa soksi, ninauvuta mguu kuelekea kalio. Unafika mahali goti linagoma, unasikia kama kamba inataka kukatika ndani. Mtaalamu wa viungo aliniwekea alama ya kalamu kwenye ubao, pale kisigino kilipoishia, akaniambia kesho upite mstari huu kwa upana wa kidole. Ndiyo kareti niliyoifanya mwaka ule. Kidole leo, kidole kesho, siku nyingine goti limevimba hata mstari wa juzi haufikiki.

Nilijiwekea sheria. Sianzi kipindi kipya kabla kisigino hakijagusa mstari. Usinione mtoto, mtu hukamata anachokiweza. Kuna siku nilitokwa jasho nusu saa kwa sababu nilitaka kujua Robby atahamia upande gani. Mke wangu akawa anachungulia mlangoni: "Baba, bado hujafika? Mimi nataka kuona!" Alikuwa ameanza kutazama nami, vitumbua vikiisha mapema. Yeye alikuwa upande wa Daniel, hata hivi leo, na hana mpango wa kuhama.

Rafiki yangu wa fainali alisikia habari zangu kwa kuchelewa, akaja na mfuko wa machungwa. Alikaa kwenye kigoda, hajui aseme nini, mimi nami sijui. Kompyuta ilikuwa wazi kwenye kipindi cha tisa cha sizoni ya kwanza, pale Johnny na Daniel wanapojikuta ndani ya gari moja, wanaenda kutazama nyumba ya zamani ya akina Daniel, kisha wanaketi baa kusimuliana. Akauliza ni nini hiki. Tukakitazama mpaka mwisho, wazee wawili na machungwa yao. Akasema, "Kaka, lile teke lilikuwa halali." Nikamwambia halikuwa. Tukabishana kama tuna miaka kumi na saba, yeye amesimama anaonyesha korongo chumbani kwangu na tumbo lake, mimi namfokea kutoka kitandani kwamba sensei alishatufundisha dawa yake.

Ndipo nikamtajia ngumi yake ambayo haikufika. Akanitazama. Hakuikumbuka. Bendera hakuzikumbuka, wala kwamba pointi ya mwisho ilikuwa ya kufagia. Miaka yote ile nimeibeba fainali kichwani, pigo kwa pigo, na mwenye ushindi wake alikuwa ameutupa njiani. Alichokumbuka yeye ni kwamba siku ile alitoka kwao hajala, hakuwa na nauli ya kurudia, na alitembea usiku na kombe mkononi akiogopa vibaka. Kombe lenyewe baba yake hakuuliza ni la nini.

Sikuwa najua. Tulikuwa tukigawana chapati, na sikuwa najua.

Siwezi kusema tulilia au tulikumbatiana, tulimenya machungwa. Ila kabla ya kuondoka aliniuliza kama bado nafundisha, nikamwonyesha magongo, naye akasema nyuma ya duka lake kuna uwanja wa sakafu ya saruji unaokaa bure baada ya saa kumi na moja. Nilianza kufundisha pale nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, fimbo mkononi, nawasahihisha miguu kwa mdomo. Walirudi wawili, kisha wakaleta wadogo zao. Siku hizi nasimama. Sipigi mateke ya juu na sitapiga tena, na kata ya Sanchin, ambayo kazi yake kubwa ni kusimama imara na kupumua, naifanya kuliko nilipokuwa na miguu miwili mizima.

Kama mtazamaji, sitawadanganya kwamba tamthilia yote ni nzuri. Sizoni ya kwanza ni ya juu kabisa, kwa sababu ni ndogo: mtu, mtoto jirani, na chumba kibovu walichokigeuza dojo. Kadiri inavyokwenda, walimu wabaya wanafufuka mmoja baada ya mwingine, wanafunzi wanahama madojo kama wachezaji wa dirisha dogo, na watoto wanavunjana mbavu bila polisi kuuliza. Sizoni ya sita wameikata vipande vitatu na ingetosha viwili. Lakini mwisho walimkumbuka waliyeanza naye. Fainali ya mwisho kabisa anapigana Johnny, mtu mzima, ulimwengu unamtazama, na anayemwelekeza pembeni ya ulingo ni Daniel LaRusso. Aliyeshinda nitamwachia msomaji ajionee, ingawa mke wangu alilia na hakuwa upande wake.

Vipindi ni 65. Anza na cha kwanza, usiruke kwenda kwenye mapigano makubwa. Na kama unasoma haya ukiwa umelala na chuma pajani, tafuta ubao na poda leo hii, chora mstari, uupite kwanza. Johnny anaweza kusubiri.